Makofi Niliyoyaandika Kama Maoni

Ninyi mliopewa makoti ya kung'aa na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni juma lililopita, karibuni. Nimeombwa niwaandikie machache kuhusu kazi ya kukusanya maoni ya wananchi, kwa kuwa mimi ni mstaafu. Mstaafu mwenyewe nina miaka ishirini na tisa. Mkataba wangu uliisha, haukuongezwa, na sikupewa hata saa ya ukutani. Bwana Odongo, aliyekuwa mkubwa wangu katika ofisi ya Homa Bay, alisema kustaafu ni kuondoka kazini ukiwa bado unapumua, na kwa kipimo hicho nimefaulu vizuri.

Kazi yenyewe ni hii. Kabla ya wadhibiti wa umeme kuamua jambo, kama vile bei ipande au isipande, laini ipite wapi, mtambo uzimwe saa ngapi, sheria inataka wananchi waulizwe kwanza. Wadhibiti hawawezi kuzunguka kila ufuo na kila soko, kwa hiyo kazi hiyo hupewa ofisi kama yetu. Tunatafuta hema, viti, kipaza sauti na soda. Tunaita watu. Wanasema, tunaandika, tunapeleka. Ukiisikia hivyo unadhani ni kazi ya mchana mmoja. Nilipoajiriwa nilikuwa na digrii na nadharia kadhaa za ushirikishwaji wa umma kichwani. Sikujua kwamba ukipanga viti kwa safu, wenye tai hukaa mbele, na wenye maoni husimama nyuma kabisa wakiegemea pikipiki.

Tena mimi ni mtu wa kufikiria sana. Nikituma ujumbe wa "Asante." nakaa nusu saa nikijiuliza kama ile nukta imeonekana kama hasira. Mtu wa namna hiyo akipewa fomu zenye visanduku vya kujaza, mambo mawili yanaweza kutokea: atakuwa hodari sana, au ataleta balaa. Mimi nilianza na balaa.

Balaa la kwanza lilikuwa Isebania. Tulikuwa tunauliza watu kuhusu transfoma mpya. Nikaona ni busara kuweka orodha ya mahudhurio kwenye meza ileile ya soda, ili kila anayechukua chupa aandike jina. Orodha ilijaa kuliko mkutano wowote wa kabla yake. Nikaipeleka ofisini nikitembea kama bibi harusi. Bwana Odongo akavaa miwani, akasoma kimyakimya, kisha akaniita.

"Boke, hawa watu wa Sirare walikuja kufanya nini?"

"Watu wa Sirare gani, bosi?"

"Hawa hapa. Mmoja ameandika kazi yake ni kubadilisha pesa. Na kwenye maoni ameandika, 'Sisi huku kwetu umeme uko sawa.'"

Nilikuwa nimekusanya maoni ya Watanzania kuhusu transfoma ya Kenya. Walivuka mpaka, wakaona soda, wakatia sahihi. Tangu siku hiyo orodha inakaa upande mmoja wa hema, na soda inatoka mwisho, upande wa pili. Andikeni hilo mahali.

Balaa la pili lilikuwa nyumbani kwetu, Kehancha, ambako nilidhani sitakosea kwa sababu Kikuria ndiyo lugha niliyolilia nikizaliwa. Wakulima wa tumbaku walikaa kimya saa mbili nzima. Nikawauliza kwa Kiswahili, kimya. Kwa Kikuria, kimya. Nikafunga daftari, nikashukuru, nikaanza kupanga viti. Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa ananisaidia kubeba viti akaanza kueleza, taratibu, jinsi nguzo zilivyochimbiwa katikati ya njia ya ng'ombe na jinsi waya ulivyolegea mpaka mtu mrefu anainama. Wengine wakamdakia. Maoni yote ya siku ile yalitoka baada ya mkutano kufungwa, mimi nikiwa na viti vinne mikononi na kalamu ndani ya mkoba. Nilipouliza kwa nini hawakusema mwanzo, mzee akashangaa. "Mwanzo ulikuwa mkutano," akasema. "Sasa tunaongea."

Nawaambia haya ili mjue kwamba kufikia siku ya kisiwa nilikuwa nimeshakosea vya kutosha, na nilijiona nimeiva.

Kisiwa chenyewe sitakitaja. Kiko mbele ya Mbita, unafika kwa mashua, na kina mtambo wa sola unaoendeshwa na kampuni ndogo. Kampuni iliomba ruhusa ya kuzima umeme kila siku kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ili betri zipumzike. Wala hawakuwa watu wabaya. Betri zilikuwa zimechoka kweli, na kwenye karatasi saa hizo watu wamelala, kwa hiyo nani ataumia?

Ambaye angeumia alikuwa Mama Akoth. Ana kibanda cha mabati ufuoni, na ndani yake friza tatu za kutengeneza barafu. Friza hizo hufanya kazi usiku kucha, na asubuhi samaki, mbuta na ngege, wakishushwa kutoka mashuani, wavuvi wananunua barafu kwake. Kabla yake barafu ilikuwa inakuja na malori ya wanunuzi huko bara, kisha inavushwa kwa mashua. Samaki hasubiri. Mwenye barafu ndiye alikuwa anasema bei, na jua likishapanda, bei inasemwa mara moja tu. Kwa hiyo ukizima umeme saa sita usiku, unarudisha barafu kwenye lori. Mimi sikulijua hilo. Nilijua kwamba fomu ilikuwa na visanduku vitatu: wanaounga mkono, wanaopinga, wasio na msimamo.

Mkutano uliitwa saa nne asubuhi. Hilo nalo ni kosa langu: saa nne ndiyo saa ambayo watu wa ufuoni, waliokesha au kuamka alfajiri, wanaenda kulala. Waliokuja walikuja wakipiga miayo. Mkurugenzi wa kampuni, kijana nadhifu kutoka Nairobi, akashika kipaza sauti na kusema, kwa Dholuo alichojifunza ndani ya mashua, "Oyawore uru!"

Neno hilo la kuamkiana asubuhi alilisema vibaya sana. Alilisema kama mtu anayemeza kidonge. Hema zima likaamka kwa furaha.

"Oyawore ahinya!" wakamjibu, wakacheka, na mwenyekiti wa ufuo, aliyekuwa mshereheshaji, akaruka kutoka kwenye kiti. "Mgeni amejaribu! Mpigieni makofi ya kilo! Moja! Mbili! Tatu!" Wakapiga yale ya kushindilia pamoja, mpaka ndege wakaondoka juu ya hema. Mkurugenzi akaeleza habari ya betri kwa maneno ambayo hata mimi nilikuwa nayakisia. Alipomaliza, mwenyekiti akaitisha makofi mengine ya kumshukuru kwa kuja. Kisha mwenye mashua akaja kusema ziwa linachafuka na wageni waondoke sasa hivi ama walale huku. Hakuna aliyeuliza swali. Tukaondoka.

Nikarudi Homa Bay na fomu yenye visanduku vitupu. Kwenye mafunzo tulikuwa tumeambiwa kisanduku kitupu huleta maswali. Nilikaa na fomu hiyo siku tatu. Kuandika "wanaunga mkono" kungekuwa uongo, maana hawakuulizwa. Kuandika "hawana msimamo" kungekuwa kuwatukana. Nikatafuta sentensi ambayo kila neno ndani yake ni kweli. Nikaipata, nikaipenda, nikaibadilisha mara nyingi na kuirudisha ilivyokuwa: "Pendekezo liliwasilishwa, na mwasilishaji akapokelewa kwa makofi."

Bwana Odongo alikuwa likizo. Ripoti ikaenda.

Baada ya majuma machache rasimu ya uamuzi ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya chifu kisiwani. Ilisema kampuni itapewa ruhusa, kwa kuwa miongoni mwa mengine, "wananchi walilipokea pendekezo kwa makofi." Mwenye pingamizi alikuwa na siku kumi na nne. Simu yangu ikalia.

"Nyar Kuria."

Hivyo ndivyo Mama Akoth alivyoniita tangu siku ya kwanza, binti wa Wakuria. Sauti yake haikuwa ya salamu.

"Mama, habari ya huko?"

"Nani alipiga makofi?"

"Mama, watu wote walipiga. Hata wewe nilikuona ulipiga."

"Mimi nilimpigia kwa sababu alijaribu kutusalimia! Mtoto akianza kutembea si unampigia makofi? Hiyo ni kusema umempa shamba?"

"Na wewe umesoma," akaendelea. "Mpaka chuo. Hizo friza tatu nimenunua na mkopo wa chama chetu cha akiba, bado tunalipa. Wakizima usiku nitatengeneza barafu na nini? Na maombi?"

"Mama, ngoja nione."

"Usione. Fanya."

Akakata. Nikabaki nimeshika simu, nikianza kufikiria, na nikifikiria huwa nazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Nikisema ripoti yangu ina kosa, nitakuwa nimejishitaki mwenyewe, na mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuangaliwa upya. Nikinyamaza, hakuna atakayenikamata, kwa sababu hakukuwa na uongo hata mmoja. Nikaandika barua ya kujieleza. Nikaifuta. Nikaandika nyingine yenye maneno "huenda ikawa kulikuwa na uwezekano." Hata mimi nilipoisoma sikujua nakiri nini.

Bwana Odongo aliporudi nilimpelekea rundo zima. Alisoma barua moja, akaiweka chini, akasoma ripoti.

"Sentensi yako ni nzuri," akasema.

"Asante, bosi."

"Sikusifu. Ungedanganya tungekushika mapema. Wewe umesema ukweli ukaupeleka mahali pabaya." Akavua miwani. "Unajua shida yako? Unaandika ili usilaumiwe. Fomu haijazwi hivyo. Fomu inajazwa ili yule ambaye hakuwepo ajue kilichotokea."

"Sasa nifanye nini?"

"Barua hizi zichome. Peleka pingamizi la mstari mmoja, sema kumbukumbu zako hazionyeshi walichosema watu, uombe mkutano mwingine. Tia jina lako, si la ofisi. La ofisi nitatia mimi."

"Na mkataba wangu?"

"Huo sijui," akasema, na nilimheshimu zaidi kwa kutonidanganya kuliko kwa kila kitu kingine alichowahi kunifundisha.

Wadhibiti wakakubali, kwa shingo upande. Nikampigia Mama Akoth kumuuliza mkutano uwe saa ngapi. Kumbukeni hilo, vijana: ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu kumuuliza mwananchi saa, badala ya kumwambia.

"Saa moja asubuhi, hapa kwa mizani," akasema. "Samaki wakipimwa hakuna mtu anakosa. Na usilete hema. Hema inafanya watu waogope."

"Na viti?"

"Viti vya nini? Kwani tumechoka?"

Basi asubuhi hiyo wajumbe wawili wa wadhibiti kutoka Nairobi walisimama kwenye mchanga na viatu vyao vya ngozi, kati ya mizani na makreti, na mkurugenzi alikuwepo pia. Meza ilikuwa moja tu, ya kuwekea makaratasi. Nilikuwa nimemwomba mwenyekiti wa ufuo jambo moja: leo hakuna makofi. Alichukizwa kama vile nimempokonya mke.

"Mkutano bila makofi? Hata matangani tunapiga!"

"Leo tu, mzee wangu."

"Watasema sijui kazi."

"Nitaandika kwamba unaijua."

Akakubali, lakini alisimama na mikono nyuma, ameishikilia isije ikamponyoka.

Nikafungua ripoti yangu na kuisoma kwa sauti. Nikasema, "Haya niliyaandika mimi. Mlikuwa mnamsalimu mgeni, mimi nikaandika kana kwamba mmekubali umeme uzimwe. Nilikosea. Leo nataka kusikia mnasema nini kuhusu kuzima umeme usiku."

Kicheko kilianzia kwa wanawake wauzao dagaa wa omena na kikaenda mpaka kwenye mashua. "Kumbe makofi yetu yana sahihi!" mmoja akapiga kelele. "Nikipiga kanisani nitajikuta nimeuza nyumba!" Nilicheka pia. Ilikuwa ama hivyo ama kulia.

Mama Akoth akatoka kibandani na mifuko miwili ya nailoni. Hakushika kipaza sauti, maana hatukuwa nacho. Akaiweka mifuko juu ya meza ya wageni.

"Huu ni wa friza moja. Ilikuwa inawaka usiku wote." Akaupiga mfuko kwenye ukingo wa meza. Ulilia kama jiwe. "Na huu ni wa friza ingine. Hii nilizima saa sita, vile mnataka, nikawasha saa kumi na mbili."

Akaufungua. Ulikuwa na maji, na juu yake ngozi nyembamba ya barafu kama ile ya maziwa yaliyochemka. Maji yakamwagika taratibu juu ya meza, yakafika kwenye makaratasi ya wajumbe, na mmoja wao akayanyanyua juu kwa mikono miwili.

"Mwambie mwenye samaki huyu," akasema Mama Akoth, akionyesha mbuta aliyekuwa kwenye mizani, "asubiri mpaka saa sita mchana nimtengenezee barafu. Kama samaki atakubali, mimi pia nimekubali."

Mkurugenzi, lazima niseme, hakutoroka. Akainama, akaushika mfuko wa maji, akautazama. "Sikujua barafu inatengenezwa usiku," akasema.

"Hukuuliza," akajibu Mama Akoth. "Ulitusalimia tu. Na tulikupigia."

Watu walinyanyua mikono, karibu wapige. Mwenyekiti akageuka ghafla na macho makali, na mikono yote ikabaki hewani kama ya watu wanaoombewa. Wavuvi wakaendelea kusema mmoja mmoja. Si wote walikuwa upande wake. Kinyozi mmoja alisema yeye afadhali umeme uzimwe usiku kuliko betri zife kabisa, na hilo nikaliandika pia, na jina lake. Fundi mmoja akauliza kwa nini wasizime taa za barabarani na skrini ya baa kwanza, waachie laini ya friza peke yake. Mjumbe mwenye makaratasi ya maji akaniambia, "Hilo liandike neno kwa neno."

Nikaliandika neno kwa neno, na kabla mtu hajaondoka nikasoma yote kwa sauti. Wakanisahihisha mara tano. Mama Akoth alinifanya nifute "ana wasiwasi" na kuandika "amekataa." Hiyo ndiyo njia ninayowaachia ninyi: msiondoke mahali kabla walioongea hawajasikia mlichoandika. Itawachelewesha. Mtakosa mashua. Watawacheka Kiswahili chenu. Kaeni hapohapo.

Mkataba wangu ulipofika wakati wake niliandikiwa kwamba mahitaji ya mradi yamebadilika. Labda ni kweli yalibadilika. Nimelifikiria sana, mnanijua sasa, na siku zingine naamini na siku zingine siamini. Bwana Odongo alininunulia chai na mandazi, akasema nisimsingizie mtu nisiyemjua, halafu yeye mwenyewe akamsingizia mtu huyo kwa muda mrefu.

Uamuzi wa mwisho ulitoka nikiwa nyumbani Kehancha. Laini ya friza isizimwe usiku. Sehemu nyingine zaweza kuzimwa, na kampuni ilete mpango wa betri mpya. Ndani yake kulikuwa na aya nzima ya maneno ya Mama Akoth, ya samaki kukubali na kila kitu. Nikampigia asubuhi ileile nikamsomea. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Nyuma yake nilisikia makreti yakiburutwa.

"Hapo wamesema friza ngapi?"

"Mbili, mama."

"Ziko tatu. Waambie."

"Mama, mimi sifanyi kazi huko tena."

"Kwani umekufa? Waandikie."

Akakata simu, kwa sababu mashua zilikuwa zimefika na watu walikuwa wanaitisha barafu. Nikawaandikia.